Tiki Mbili

Kazini walimbandika jina la Bwana Muhuri, likamkaa. Kila simu iliyoletwa maabara ya polisi kama ushahidi aliifunga kwenye mfuko, akaipiga muhuri, akaandika saa na kutia sahihi. "Hata kikombe chake cha chai kina fomu ya makabidhiano," walimtania. Alicheka nao, kisha akarudi kwenye chumba chake kisicho na dirisha. Jioni alirudi kwenye nyumba tupu. Mama yake alikuwa amefariki, na upweke ulimtafuna.

Jumatatu ile aliletewa simu ya kijana aliyepotea wiki tatu, iliyokutwa kwa mshukiwa. Sasa, simu ya ushahidi haiguswi na mtandao kabla yaliyomo hayajanakiliwa, yasije yakabadilika. Hata mwanafunzi analijua hilo. Lakini wapi! Miaka kumi na tisa ya uangalifu, na siku hiyo akaiwasha bila kutazama kama laini imetolewa. Ikaanza kutetemeka mezani, ujumbe juu ya ujumbe, wote kutoka kwa "Mama".

"Umekula, mwanangu?" Kesho yake, "Leo je, umekula?" Kila siku swali lile lile.

Akaizima. Hakuna aliyemwona. Akiandika kosa lile, wakili wa mshukiwa atalishikia bango mahakamani.

Saa haijapita, mama wa yule kijana akaingia mapokezi mbiombio, viatu havifanani.

"Mwanangu yu hai! Wiki tatu tiki moja tu, leo zimekuwa mbili! Ujumbe umemfikia!"

Alikuwa anacheka, maskini, anamwonyesha kila mtu simu yake. Bwana Muhuri alimsikia kutoka kwenye korido. Akarudi chumbani mwake, akaandika kwenye fomu alichokosea, akaweka saa na sahihi. Kisha akaenda kuketi kando ya yule mama.

"Mama, simu ya mwanao tunayo sisi. Niliyeiwasha ni mimi. Yeye bado hatujampata. Nisamehe."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Akaitazama simu yake.

"Kwa hiyo aliyepokea ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Ukasoma?"

"Nilisoma."

Mama akajifuta machozi kwa kiganja. Akamwangalia yule mtu mzima, mashavu yamebonyea, shati halina pasi.

"Haya, nijibu basi. Umekula?"

Alitaka kusema ndiyo.

"Bado, mama," akasema, na kilio kikamshinda.