Bonyeza Tatu

Lindsay Noske alikuwa bahili, na nasema hivyo kwa heshima. Nimezika watu wengi katika mji huu wa Peterborough na wengi wao waliwaachia wajanja fedha zao. Lindsay hakumwachia mtu hata senti. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Julai, bei mpya zikishatangazwa, alikuwa anatoa kiti barazani, anaweka simu juu ya meza na kuifungulia sauti, halafu anawapigia mmoja mmoja: wa umeme, wa bima ya nyumba, wa bima ya gari, wa intaneti. Nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa mabati, kwa hiyo nilikuwa nasikia kila kitu. Wiki hiyo sikuwa na haja ya redio.

Kanuni yake ilikuwa moja tu. Ile sauti ya mashine ikianza kukuelekeza, bonyeza moja kwa malipo, bonyeza mbili kama umeme umekatika, yeye alikuwa anasubiri tatu. Tatu ni ya wanaotaka kuondoka. "Mteja aliyetulia ni kuku aliyeshaingia bandani," alinieleza siku moja. "Nani atahangaika kumrushia mtama? Mtama anarushiwa aliye nje." Basi kila Julai alikuwa anawaaga. Anakohoa kwanza, anauliza jina la anayezungumza naye, anauliza kama huko kwao kuna mvua, anasema amefika mwisho wa safari na kampuni hiyo, halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa silaha yake. Vijana wa simu hawawezi kuvumilia kimya. Waache nusu dakika, wataanza kupunguza bei wenyewe.

Mkewe Coralie alikuwa anaona aibu. Simu zikianza, anaingia ndani na kufunga mlango. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, na kwake yeye bei ni bei, kama vile saba mara nane ni hamsini na sita. Mara moja nilimwona akimlipa muuza mayai zaidi ya alichotajiwa, kwa sababu eti yule bwana alionekana amechoka.

Lindsay akafa mwezi Mei. Yalikuwa mapafu, alikula vumbi la karakana ya reli tangu ujana. Julai ikaja, ikapita, na kiti kikabaki ndani. Kwa kampuni ya umeme hilo lilikuwa na maana moja: punguzo la mwaka limekwisha na hakuna aliyelalamika. Bei ikapanda bila kupiga hodi.

Januari, ambayo kwetu huku kusini mwa dunia ni kilele cha kiangazi, tulipata siku sita mfululizo za joto la nyuzi arobaini na nne. Siku ya tatu niligundua kwamba nalala vizuri, nikajiuliza kwa nini. Kiyoyozi cha akina Noske, kile kikubwa cha juu ya paa ambacho kimeunguruma karibu na dirisha langu miaka ishirini, kilikuwa kimya. Kwanza nilifurahi. Aibu ilinijia baadaye kidogo, nikavaa kofia nikaenda.

Nilimkuta chumba cha kufulia, ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji, taulo bichi shingoni. Ana miaka sabini na nane. Uso ulikuwa umeiva.

"Niko poa," akasema kabla sijamuuliza.

"Upoa gani huo, Coralie, na unatoka mvuke?"

Daktari alikuwa amemwambia waziwazi, na mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka kwa gari siku hiyo: moyo wake hauwezi joto, kiyoyozi kwake si anasa, ni dawa. Sasa dawa yenyewe ameizima. Nilipomuuliza sababu alinyoosha kidole kuelekea jikoni, kwenye mlango wa friji, ambako bili ilikuwa imebanwa kwa sumaku yenye umbo la kichwa cha treni. Nikaisoma. Ilikuwa imepanda karibu maradufu, na matumizi ni yale yale.

Alikuwa amejaribu kila njia, lazima nimpe haki yake. Nyama alibakiza ya Jumapili tu. Kuku mmoja wa kuokwa wa dukani alikuwa anamla siku nne, ya tano anachemsha mifupa. Aliacha kupiga pasi mashuka, jambo ambalo binafsi sijui lilianza kwa sababu gani. Mchana alikuwa anaenda kukaa maktaba, ambako kuna ubaridi wa bure, lakini leo Jumamosi maktaba imefungwa mapema.

Nikamwambia apige simu, kama Lindsay. Akasema alishapiga, wiki iliyopita. Walimuuliza kama yeye ndiye mwenye akaunti. Akasema ni mume wake. Wakamwomba awape mume wake. Akasema hayupo. Wakasema hakuna shida, akirudi apige yeye mwenyewe.

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema asante."

Hasira ilinipanda, sikuficha. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia kwamba mtu amekufa tangu Mei. Alikaa akiyatazama maji ya beseni.

"Benki niliwaambia," akasema. "Watu wa pensheni niliwaambia, wa leseni niliwaambia, hata wale wa gazeti la reli. Kila niliyemwambia alikuwa mpole sana, Alwyn, halafu akamfuta. Hii bili ndiyo barua pekee ambayo bado inakuja hapa kwa jina lake. Kila miezi mitatu. Bwana L. G. Noske. Nikiwaambia na hawa, basi amekwisha."

Sipendi watu waniambie mambo kama hayo ndani ya chumba cha kufulia. Mtu asiye na jibu hufanya upumbavu, na mimi nikafanya wangu: nikamwambia anipe simu, leo mimi ndiye Lindsay.

Alinikagua kutoka kofia mpaka viatu. Lindsay alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza. Yangu mimi ni nyembamba, na kwaya ya kanisa ilishanirudisha nyumbani mara mbili.

"Kohoa kwanza," akasema. "Yeye alikuwa anaanza kwa kukohoa."

Nikaifungulia simu sauti, nikabonyeza tatu, nikakohoa. Aliyepokea ni binti, akajitambulisha kwa jina la Tahlia. Akaniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Coralie aliiandika nyuma ya bahasha na kuniinulia niisome, kama mwalimu anayemwonea huruma mtoto mzito.

"Naona ulitimiza miaka themanini mwezi wa Novemba," Tahlia akasema. "Hongera sana, bwana Noske."

Coralie aliishusha bahasha taratibu. Nikamshukuru binti kwa niaba ya marehemu. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na mimi mchana huo niliijua kwa jasho. Nikauliza kama kwao kuna mvua, hakuna. Nikasema nimefika mwisho wa safari na kampuni yao. Halafu nikanyamaza, kama nilivyomsikia akifanya miaka ishirini.

Tatizo ni kwamba Tahlia naye alinyamaza. Sijui siku hizi wanawafundisha wapi. Tulisikilizana tukipumua mpaka nikashindwa mimi, nikakohoa tena bila sababu. Ndipo akasema anaona nimekuwa nao miaka kumi na tisa, na kampuni inanishukuru kwa uaminifu wangu.

"Uaminifu huo una thamani gani?" nikamuuliza.

Akatafuta kwenye kompyuta yake. Asilimia tano.

Nikauliza: mteja mpya, ambaye hawajawahi kumwona, anapewa ngapi. Kumi na nane, akasema, na nadhani alisema kwa haya kidogo. Nikapandisha sauti, nikateremsha, nikataja shirika la kutetea wateja, nikataja gazeti. Hakusogea. Bei hiyo ni ya wageni tu, na mimi si mgeni. Kisha akashusha sauti, kama muuza duka anayekuonyesha kitu chini ya meza.

"Lakini bwana Noske, una mke? Basi wewe uondoke, yeye afungue akaunti kwa jina lake. Kwetu atahesabiwa mpya. Nyumba ni hiyo hiyo, waya ni zile zile, ila bei atapata ya mgeni." Nikasikia vidole vyake vikigonga vitufe. "Nithibitishe, basi? Unaondoka?"

Nimewahi kuuza magari yaliyotumika. Uongo si mgeni kinywani mwangu. Lakini swali hilo sikuweza kulijibu, si kwa ndiyo wala kwa hapana. Nilimtazama Coralie. Alitoa mguu mmoja kwenye beseni, halafu wa pili, akasimama kwenye saruji na maji yakimchuruzika, akanyoosha mkono. Nikampa simu.

"Ameondoka," akasema. "Tangu Mei."

Tahlia alichanganyikiwa, na haki yake. "Samahani mama, kwangu hapa bado anasomeka yupo. Amehamia kampuni gani?"

Coralie alilifikiria swali hilo. Yeye hajawahi kudharau swali la mtu yeyote.

"Hakuniambia," akasema.

Halafu akacheka, na kicheko kikabadilika njiani kikawa kilio, na hakujaribu kuficha kimojawapo. Nilienda kuwasha kiyoyozi kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini. Kiliguna, kikatapika vumbi la wiki nzima, kikaanza kuunguruma. Niliporudi, Tahlia alikuwa ameshaelewa. Alitoa pole, pole ya kweli, si ile ya kusomwa kwenye karatasi, na kwa heshima yake hakuuliza ni nani aliyekuwa anakohoa. Baada ya nusu saa Coralie Noske, mkazi wa nyumba ile miaka hamsini na mmoja, akawa mteja mpya.

Wiki tatu zilipita. Nilirudia kulala vibaya, na sikulalamika. Bili mpya bado ilikuwa haijafika, lakini nilijua anaisubiri kwa unyonge, kwa sababu itakuja na jina lake yeye. Mara mbili nilimkuta amesimama kwenye sanduku la barua bila kulifungua. Asilimia kumi na nane ni nafuu kwa mfuko. Kwa hilo jingine haisaidii kitu.

Kisha asubuhi moja, nikiwa namwagilia nyanya, alitokea upande wa pili wa ua akiwa na barua mkononi. Bahasha iliandikwa Bwana L. G. Noske. Akanipitishia juu ya mabati, akaniambia nisome kwa sauti.

Nikasoma. Mpendwa Lindsay, imetusikitisha kwamba umetuacha. Tunakukumbuka. Tungependa sana urudi, na ukirudi kabla ya mwisho wa mwezi tutakupa punguzo la asilimia ishirini na tano.

Nilianza kumtuliza. Nilimwambia barua hizi zinaandikwa na mashine, kwamba kila anayehama anatumiwa, kwamba asiiweke moyoni, kwamba nitawapigia mimi niwaambie wanachostahili kuambiwa. Coralie alikuwa hanisikilizi. Uso wake ulikuwa umeiva tena, ila safari hii si kwa joto.

"Mimi wamenipa kumi na nane," akasema. "Mimi niliye hai."

Akaichukua barua, akaingia ndani. Nilidhani ameenda kulia. Alitoka akiburuta kile kiti. Akakiweka barazani, pale pale pa Julai, akaiweka simu juu ya meza na kuifungulia sauti. Mashine ikaanza: bonyeza moja, bonyeza mbili. Akaisubiri tatu, akaibonyeza kwa kidole kilichonyamazisha madarasa ya watoto thelathini.

Alipokea kijana wa kiume. Coralie akakohoa. Akamuuliza jina, akaambiwa Corey. Akamuuliza kama kwao kuna mvua, ipo kidogo.

"Vizuri. Sasa nisikilize, Corey. Hapa nina barua ya mume wangu. Mmemwahidi ishirini na tano ili arudi. Hatarudi, nilimzika mwenyewe. Mimi nataka anachopewa marehemu."

Corey akasema pole, akasema kwa bahati mbaya bei ile ni ya wateja waliowaacha, na mfumo haumruhusu kumpa mtu ambaye hajaondoka. Alisema hivyo kwa adabu, akamaliza, akasubiri ajibiwe.

Coralie hakumjibu. Alifungamanisha mikono juu ya barua na kuitazama bustani yake iliyokauka. Mimi nilifunga bomba ili maji yasipige kelele. Juu ya paa kiyoyozi kiliunguruma. Nilimwona akitikisa kichwa polepole, kwa mpigo, nikajua anahesabu sekunde, na nikajua amekuwa akisikiliza nyuma ya ule mlango miaka yote ile.

Nusu dakika ilipotimia, kijana akasafisha koo. Alianza na ishirini. Coralie akaendelea kunyamaza.