Sinema Isiyo na Rangi

Kwanza niseme hili, maana Kasulu nzima imeshanihukumu: baba yangu mimi nampenda. Anayesema nilimdhalilisha kwa makusudi na aje aseme mbele yangu, ila akae mbali na mkono wangu. Nilikosea, ndiyo. Lakini kukosea na kukusudia ni vitu viwili.

Naitwa Asia binti Haidari. Nina banda la video nyuma ya soko, lile la mabati lenye mabenchi kumi na manne na projekta inayopiga kwenye shuka jeupe. Alilijenga baba, akaliendesha miaka ishirini, na macho yalipoanza kumsumbua akaniachia mimi. Tunakaa nyuma ya banda hilo hilo, ukuta kwa ukuta. Mtu akikohoa bandani, jikoni kwangu anasikika.

Baba ni mtu wa Tanga. Alikuja huku akiwa kijana na marobota yake ya vitenge, na mama yangu, marehemu Safina, akiwa na mimba yangu. Wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja: sinema za Kihindi za zamani, zile nyeusi na nyeupe. Na katika hizo kulikuwa na moja waliyoiona mara saba kabla hawajaoana. Hadithi yenyewe fupi. Fundi cherehani anampenda binti wa mwalimu. Binti anaozwa kwingine, na nguo ya harusi inapelekwa kushonwa kwa nani? Kwa fundi huyo huyo. Basi anakaa, anaishona. Dakika mbili nzima hakuna maneno, hakuna wimbo, ni uso wake na mlio wa cherehani basi. Baba hapo ndipo alipokuwa akipasimulia kila siku. Anasema ukumbi mzima kule Tanga ulikuwa unanyamaza, husikii hata mtu akitafuna karanga.

Mwaka jana nilimpeleka Kibondo, kulikuwa na daktari wa macho amekuja. Akammulika, akaniita pembeni. Presha ya macho, akasema, na mshipa umeshaharibika, hauponi. Atampa dawa ya kulinda kilichobaki, lakini kilichobaki ni cha miezi tu. Nilirudi kwa baba nikatabasamu kama mjinga, nikasahau kwamba tabasamu lenyewe halioni.

Kwenye basi la kurudi alinigusa goti. "Asia, nimesikia. Mimi macho ndiyo mabovu, masikio mazima." Akaendelea, "Rangi zimeshaniacha. Hicho kitenge chako nakiona tope tupu. Lakini cheusi na cheupe bado navitenganisha. Ile sinema ya fundi naweza kuiona, mwanangu. Nataka niione mara moja tu kabla halijafungwa hili dirisha. Si kwenye simu, si chumbani peke yangu kama mgonjwa. Bandani, na watu, na wakifika pale kwenye cherehani wanyamaze."

Nikamwambia itakuwa. Ningesemaje? Binamu yangu Hashimu aliyeko Tanga aliitafuta mpaka akaipata, akanitumia kwenye flashi.

Sasa sikilizeni, nyie msiojua kazi hii. Huku kwetu sinema haionyeshwi hivi hivi. Lazima awepo mtafsiri, mtu anayekaa na maiki pembeni ya shuka anasema kila kinachotokea, na kisichotokea pia. Mkubwa wao hapa ni Tharsisi, Muha wa Heru Juu. Tharsisi anaweza kumfanya Mchina agombane na mkewe kwa Kiha, mkaanguka mabenchini kwa kicheko. Na sheria ya mtafsiri ni moja: hanyamazi. Akinyamaza, watu wanajua maiki imekufa, wanaanza miluzi.

Baba hakutaka mtafsiri. Kwa hiyo mara ya kwanza niliitangaza bila mtafsiri. Walikuja watu wanne. Picha haijamaliza kuandika majina, wawili wakasimama. "Dada, mashine yako imekufa rangi," mmoja akaniambia, tena kwa huruma, kama ananiambia mbuzi wangu anaumwa. Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyo, ni ya zamani. Akanitazama, akatazama shuka, akaondoka zake. Nikazima. Baba alikuwa nyumbani anavaa kanzu. Nikaenda nikamwambia umeme umekatika. Akaivua kanzu akaikunja.

Hapo ndipo nilipomfuata Tharsisi. Nikamwambia wazi: utafsiri maneno tu, usiweke mbwembwe, na kwenye cherehani unyamaze. Akacheka, "Ninyamaze mimi? Dada Asia, wataniponda mabenchi." Nikamsihi mpaka akakubali. Kisha nikaenda kwa baba nikamwambia yupo mtafsiri, atasema kidogo, watu wa leo hawawezi bila yeye.

"Na pale?" akaniuliza.

"Pale atanyamaza, baba. Wallahi."

Niliapa. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumapili, saa kumi jioni, banda lilijaa mpaka mlangoni. Jina la Tharsisi si mchezo. Walitoka Heru Juu kwa bodaboda, kuna kina mama wa Rungwe Mpya walioacha kununua chumvi wakaingia. Baba nikamweka benchi la mbele kabisa, shuka liko karibu naye kiasi cha kuligusa. Kanzu nyeupe, kofia safi, amejipaka mafuta ya karafuu. Mimi nikakaa nyuma kwenye mashine.

Na mambo yakaenda, jamani! Tharsisi alitafsiri kwa adabu, na watu wakaingia kwenye hadithi. Binti alipoposwa na tajiri mmoja, mama mmoja akasema kwa sauti, "Yebabawe, masikini!" Nyimbo zilipokuja, baba midomo inacheza, anaimba Kihindi ambacho hakijui. Nilimwona anamgusa jirani yake gotini, amwonyeshe kitu. Anaona! Nikasema moyoni, tumefaulu.

Ikafika nguo ya harusi. Fundi akaikunjua, akaitazama, akakaa. Tharsisi akaweka maiki chini kama tulivyopatana. Ukabaki mlio wa cherehani.

Kwanza walivumilia. Nadhani walidhani anakunywa maji. Kisha ukapigwa mluzi mmoja. "Fundi mitambo! Sauti!" "Maiki imekufa!" Mwingine akadakia, "Na rangi urudishe basi, si tumekaa vya kutosha!" Mabenchi yakaanza kugongwa. Baba hakugeuka, aliinua mkono tu, kuwaomba watulie, na ule mkono hakuna aliyeujali. Watu wa nyuma wakaanza kusimama. Tharsisi akanitazama.

Na Tharsisi naye mnamlaumu. Mtafsiri hana adabu, mtafsiri kamkosea mzee. Sasa nawaambia ambalo hamlijui. Alinitazama mimi, akisubiri, na mimi nikamwitikia kwa kichwa: sema. Niliogopa watu wasije wakatoka, baba akasikia banda linabaki tupu nyuma yake. Ndivyo nilivyojiambia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tharsisi akadaka maiki. "Ee cherehani yangu, wewe ndiye mke niliyebakiwa naye! Hebu niambie, kiuno cha bibi harusi tulipima wapi? Mbona nguo hii inamtosha ng'ombe wa Kitanga na ndama wake!"

Banda likapasuka. Watu walicheka mpaka mabati yakalia. Na kadiri yule fundi alivyozidi kuinama kwenye nguo yake, ndivyo Tharsisi alivyozidi kunoga.

Baba akasimama. Sijui alitaka nini, kuwanyamazisha au kutoka. Mwanga wa projekta ukampiga mgongoni, kivuli chake kikaangukia usoni pa fundi, kikubwa, na kofia yake juu. "Mzee, kaa chini!" wakapiga kelele. Na Tharsisi, mdomo wake una mbio kuliko akili, akadakia hapo hapo: "Na huyu ndiye baba mkwe, kaja kukagua nguo! Pole pole baba mkwe, utakanyaga pindo!"

Na mimi nikacheka.

Kicheko hakiombi ruhusa. Kilinitoka kabla sijajua, na mimi kicheko changu si cha kuficha, sokoni wananijua kwa hicho. Baba akageuka. Mwanga ukamwingia machoni, hakupepesa. Alielekeza uso pale pale nilipo, halafu akaanza kutoka, anashika bega la mtu, bega la mtu, mpaka mlangoni. Sikumfuata mara moja. Sinema sikuizima.

Nilimkuta nyumbani amekaa kwenye mkeka, kofia iko mkononi. Nikapiga magoti. "Nisamehe baba, huyu Tharsisi hana malezi."

"Kijana kafanya kazi yake," akasema. Kisha akauliza, taratibu, "Aliyecheka kule nyuma kwenye mashine, ni wewe?"

"La, baba. Ni mwanamke mmoja wa Kitanga, mteja tu."

"Haya," akasema.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo aliamka akaniuliza mbona sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi na jua limemjaa usoni. Nikasimama pale na kikombe cha chai nikalia bila sauti, nikidhani sauti ndiyo tu ya kuficha. Akasema, "Usilie, tuliambiwa."

Na mnajua kilichofuata? Mwishoni mwa juma hilo hilo mlango wangu umejaa watu. "Dada Asia, ile ya fundi na baba mkwe lini tena?" Kila ninapopita: sokoni, kwenye mashine ya kusaga, hata msibani mtu ananivuta pembeni ananiuliza. Wale wanaosema watu wa leo hawaangalii tena sinema za zamani waje Kasulu. Wanaangalia! Ila wanaangalia nini, hilo msiniulize mimi. Nilikataa wiki mbili. Baba akawasikia wanavyonisumbua, akaniita.

"Waonyeshe," akasema. "Si wameipenda?"

Sikujua kama ni ruhusa au ni adhabu. Nikaichukua kama ruhusa, maana ilinifaa.

Sasa ni kila Jumapili. Wameshaiweka desturi: pakifika pale kwenye cherehani, mmoja anasimama mbele ya projekta amevaa kofia, kivuli kinaingia kwenye shuka, Tharsisi anamkaribisha baba mkwe, banda linapasuka. Wanagombania nani asimame. Mwisho wa sinema sidhani kama kuna mtu anaujua, wakishacheka hapo wengi wanatoka. Fundi anapeleka nguo kwa bibi harusi mbele ya mabenchi matupu, nami naikunja waya.

Jumapili iliyopita nilisimama kwenye mashine, ilipofika pale kwenye cherehani nikauma pindo la khanga mpaka likalowa. Hakukuwa na kicheko cha kuzuia. Nilifunga banda nikaingia nyumbani na kukuta baba hayuko kwenye mkeka wake. Alikuwa amesogeza kigoda mpaka ukutani, sikio limegusa bati.

"Na leo hukucheka," akaniambia.

"Baba!"

"Jumapili zote hizi nakusikiliza. Wote wanacheka, wewe sikusikii."

Kinywa changu, ee Mola, kinywa changu kikajibu chenyewe: "Mimi hata siku ile sikucheka, baba. Nilishakwambia, ni yule mwanamke wa Kitanga."

"Haya," akasema. Akanyoosha mkono nimshike, nimpeleke akatawadhe, maana magharibi ilikuwa imeingia.