Gari Hupimwa na Watu Wake

Muyisa aliingia garajini kwa Kasika mchana wa ukungu, gari lake jekundu la abiria likikwaruza tumbo kwenye jiwe la mlangoni kama kawaida yake. Alilishusha mwenyewe, akazikata resor zote, zile springi za magurudumu, kwa msumeno, maana vijana wa Beni wanapenda gari linalolala chini na yeye hataki kupitwa. Kupendeza lilipendeza, nani atabisha? Ila lilikuwa linakula matairi.

"Papa Kasika, angalia mwenyewe," alisema. "Hizi pneu niliweka juzi-juzi. Inje iko mupya, ndani nyuzi inaonekana. Juu ya nini?"

"Juu ya ile musumeno yako," Kasika alijibu.

Gari likishushwa, magurudumu huinamisha vichwa ndani na kukanyaga kwa ukingo mmoja. Hilo kila fundi wa Butembo analijua. Dawa yake ni kufunga uzi wa nailoni pembeni mwa gari, kutoka mti hadi mti, kupima nafasi kwa rula, kisha kukaza au kulegeza vyuma vya chini mpaka gurudumu litazame mbele. Kasika alikuwa na sharti moja la kwake, na madereva walimcheka kwalo: hakupima gari tupu. Gari linafanya kazi na watu ndani, alisema, basi lipimwe na watu ndani. Asiyekuja na abiria alete magunia ya maharagi, ayapange kwenye viti. Muyisa alikuwa ameleta magunia safari mbili, na safari zote mbili gari lilirudi na tairi la nyuma kushoto limelika mpaka aibu.

Safari hii pia aliyaleta, ila Kasika aliyashusha magunia yote. Gari likapanda kidogo, ila pembe ile ya kushoto ikabaki chini. Akachuchumaa, akaitazama kwa muda. Akainuka, akafungua mlango wa nyuma.

Mkewe Eliane alikuwa amekaa pale. Eliane alikwenda Oicha msimu wa mvua uliopita, kuchuma kakao kwenye shamba la mjomba wake. Watu wa msituni, wale wa bunduki na mapanga, wakaingia mashambani, naye hakurudi. Alikuwa bado amevaa kitenge chake cha njano, kikapu cha kakao juu ya magoti.

"Bwana yangu, weye umekonda," akasema.

"Hakuna mutu wa kunipikia. Ulipanda wapi?"

"Kule mbele ya Oicha, fasi ya daraja. Huyu kijana alisimama."

"Nilisimama kukojoa," Muyisa alisema. "Bon. Njo maana abiria banasemaka ile kiti iko baridi." Alionekana kushusha pumzi, maana alikwisha kudhani resor alizikata vibaya. Akawaachia nafasi, akavuka barabara kwenda kula sahani ya sombe.

Kasika alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, na hakujua aanze na ipi.

"Shuka, twende nyumbani."

"Hapana. Mwili yangu iko kulekule kwenye kakao. Hakuna mutu alikuja kuichukua. Siku ile mutaizika, nitashuka."

Kasika aliokota spana zake. Alikuwa amekwenda Beni kuuliza, tena mara nyingi. Ofisini walimwambia hayo ni mambo ya askari. Askari wakamwambia hayo ni mambo ya ofisi, na alipozidi kuuliza wakamtaka kitambulisho. Shamba lenyewe liko kando ya barabara, mtu analiona akiwa amekaa garini. Kanisani waliimba bila jeneza, wakala wali na maharagi, wakaenda zao.

Basi akalala chini ya gari na spana zake, na Eliane akawa anamsemesha kupitia sakafu. Aliuliza kama bati la jikoni limezibwa. Halijazibwa. Aliuliza kuku. Kuku waliibwa. Akacheka, kicheko chake kilekile cha puani, na Kasika akalazimika kuacha kazi kidogo, macho yamejaa machozi, akasingizia kutu.

"Nyumba iko kimya sana, Eliane," alisema. "Mangaribi ninasemaka na redio. Nayo betri ilikufa."

"Pole, bwana yangu. Pole sana."

Alipofika kwenye nati ya kushoto, shauri lilimjia lenyewe. Muyisa siku hizi anapiga njia ya Beni na Oicha tu. Hana kinachomleta Butembo isipokuwa uzi wa Kasika. Nati ikiachwa imelegea kidogo, kidogo tu, tairi litalika tena, na kabla mwezi haujaisha Eliane atakuwa hapa tena, anauliza habari za kuku. Nani angejua? Spana ilikuwa tayari juu ya nati.

"Bwana yangu." Sauti ilitoka juu, polepole. "Pneu ikipasukia kule kwenye daraja, hawa abiria bote bataikala na miye."

"Minajua."

"Na huyu kijana, mama yake iko anamungoja."

Kasika aliigeuza spana upande wa kukazia. Kisha akakaza. Alikaza kwa nguvu zake zote, gurudumu likatazama mbele kabisa, na Eliane akiwa amehesabiwa kama abiria mwingine yeyote.

"Nitapitaka naye hapa, Papa, usiogope," Muyisa alisema akiwasha gari, na alisema kwa moyo wa kweli. Eliane hakupunga mkono. Alikishika kikapu kwa mikono miwili, maana barabara ile ni mbaya. Gari likatoka bila kuvuta kushoto wala kulia. Tangu hapo halijala tairi, wala halijarudi. Jumamosi moja Kasika alishuka Beni kulitafuta kwenye parkingi. Akaambiwa limekwenda Oicha, na barabara imefungwa nyuma yake, watu wa msituni wamevuka tena. Alingoja mpaka wauza mkate wakafunga meza zao, akapanda pikipiki kurudi nyumbani.

Barabara ilipofunguliwa, sifa za uzi wake zilienea. Sasa madereva wa Oicha wanakuja na magari yaliyolala chini, wanaapa hawajagusa resor, na Kasika anawaamini. Hawaambii tena walete magunia. Anafungua milango kwanza, anazitazama nyuso zote za waliopanda njiani, moja moja, hamwoni anayemtafuta, halafu ndipo anachukua uzi.

Juzi, katika teksi nyeupe, alikuta mama mzee asiyemjua, miguu imejaa udongo wa shambani, ameegemea mlango wa kushoto. Mama alimtazama Kasika, akautazama uzi mkononi mwake.

"Ni weye njo bametuma kutuchukua?"

"Hapana, mama. Miye niko napima magurudumu tu."

"Haya," mama akasema, akajisogeza katikati ya kiti ili gari likae sawa.