Maneno ya Dunguni

Barazani kwa Scolastica, nyuma ya soko la Ifakara, habari ziliiva kabla ya vitumbua. Nani kaachwa, nani kaonekana akishuka kwenye bodaboda ya nani. Jua likichomoza mkeka ulikuwa umeshajaa wanawake. Hata mume wake alipomkimbilia mwanamke wa Mlimba, Scolastica aliwahi kujisema mwenyewe. "Nikilitoa mimi, nyie halitawanogea," aliwaambia, wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Basi binti yake Levina, wa kidato cha tatu, alipoanza kunyamaza, mama hakujua pa kushika. Mchana mtoto analala, usiku kakodoa macho. Sahani anaisogeza pembeni. Wiki ya pili nywele hazijaona kitana. Baraza likatoa hukumu: huyu kasema mimba, yule uvivu, Stumai wa jirani akasema ni mapenzi ya kwenye simu. Kipimo cha mimba kikakataa. Cha malaria nacho kikakataa, na hapo ndipo Scolastica alipochoka kabisa. Bonde hili mtu aumwe, halafu isiwe malaria?

Mwezi wa tano mpunga ukaanza kuiva, akampeleka shambani Mchombe wakaamie ndege wasiumalize. Alijua kazi itamchangamsha. Akampandisha dunguni, kile kichanja kirefu cha mlinzi, akamwachia kombeo, yeye akaenda kusalimia mashamba ya watu, na salamu zake si za dakika mbili. Aliporudi, saa kumi, kweleakwelea walikuwa wametanda juu ya masuke kama shuka jeusi. Levina kakaa vilevile, mikono mapajani.

"We mtoto! Ndege wanamaliza mpunga, unawatazama?"

"Nawaona, mama. Mkono hauinuki." Kisha, bila chozi: "Mimi nikilala huwa naomba nisiamke."

Scolastica alimshusha amemshika mkono, mpunga akawaachia ndege.

Hospitalini, Nesi Kristina wa afya ya akili alikaa na Levina peke yao muda mrefu, ndipo akamwita mama.

"Ni sonona. Ni ugonjwa, mama, si uvivu, wala hajalogwa. Huwapata watu wazima, huwapata na watoto wa umri huu, na unatibika."

"Basi nipe vidonge, siku tatu amalize dozi."

"Hii si malaria. Kwa umri wake tunaanza na mazungumzo, kila Alhamisi. Yasipotosha, daktari ataongeza vidonge, navyo huchukua wiki nne, hata sita, ndipo uone nafuu. Usimwache peke yake. Dawa za shamba zifungie mbali. Na anayokuambia yeye, yabaki kwako."

"Mimi? Mdomo wangu kufuli," akajibu Scolastica, na siku ile alimaanisha.

Alhamisi ya tatu Levina alirudi akala ugali na samaki kitoga, akaomba nyongeza. Asubuhi yake alichana nywele. Mama akatoka barazani akiimba. Na Stumai naye, kitumbua mkononi, akauliza, "Mama Levina, mtoto mmempa nini? Mbona kachangamka!"

Mdomo ukatangulia. Alianza na sonona, akapita kwa Nesi Kristina, akafika mpaka dunguni, na yale maneno akayasema kama yalivyosemwa. Alitaka tu wafurahi pamoja naye. Wakamwonea huruma kwelikweli, wengine machozi yakawatoka, wakaondoka na huruma yao kila mtu na njia yake.

Kesho yake bombani Stumai, ambaye hana roho mbaya, ana utani tu, akasema mbele ya watu, "Levina, naona leo umeamka! Au jana ulisahau kuomba?"

Levina aliacha ndoo ikifurika. Alipoingia ndani alimtazama mama yake. "Nilikuambia wewe," akasema.

Alhamisi ya nne alikaa mbele ya Nesi Kristina saa nzima hajafungua kinywa. Iliyofuata, vilevile. Sahani ikaanza kusogezwa tena. Scolastica aliomba radhi, akapiga magoti, akamleta na Stumai aombe radhi. Levina akajifunika shuka kichwani. Daktari akaanzisha vidonge.

"Na mimi nifanye nini?" Scolastica akamuuliza Nesi Kristina.

"Kaa naye."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Akitaka kusema, akukute upo."

Sasa baraza limehamia kwa Stumai. Scolastica anakaa sakafuni, kando ya kitanda cha binti yake, vicheko vinamfikia kupitia dirishani, na anajua fika wanayemjadili ni nani. Leo ni siku ya tisa ya vidonge. Levina amemeza chake, amerudisha kikombe, amegeukia ukutani.

Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Akabaki kuutazama mgongo wa mwanawe ukipanda na kushuka, maana hakuna kingine alichokijua cha kufanya.