Mbuzi wa Evanthia

Walipong'oa nanga kisiwani Kastos asubuhi ile, upepo ulikuwa mwanana na Evanthia alikuwa ameshaanza kusema.

"Tazama yule mbuzi mwambani, kulia. Ana ndevu kama kasisi wetu."

Mumewe, Lambros, akasogeza usukani kushoto kidogo, na mwamba ukapita mbali. Hapakuwa na mbuzi yeyote. Macho ya Lambros yalikuwa yameingia ukungu tangu majira ya baridi, na Evanthia hakutaka kuyataja. Mashua hii ya tanga Lambros aliijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, na kila kiangazi walizunguka nayo visiwani. Lakini binti yao Fotini, aliyekuwa akiwangoja Kioni, alikuwa amesema wazi: "Baba akigonga gati tena, mashua inauzwa. Sitaki kuja kuwazika."

Kwa hiyo Evanthia alisema njia nzima. Hata walipokula mkate na zeituni, tanga limejaa na bahari imetulia, hakunyamaza.

"Mama Fotini, leo umemeza kasuku?"

"Nimefurahi tu. Kwani furaha inatozwa ushuru?"

Walipofika mdomo wa bandari ya Kioni wakashusha tanga na kuwasha injini. Kule ndani mashua zilikuwa zimepangana, kila moja imetupa nanga mbele na kurudi kinyumenyume hadi gatini. Nafasi ilikuwa moja, tena nyembamba.

"Mbuzi mwingine," Evanthia akaanza, "kushoto, karibu na ile mashua ya buluu..."

Lambros akapunguza injini mpaka wakasimama.

"Mke wangu, mbuzi anafanya nini katikati ya bandari?"

Mzee akacheka taratibu. Akaushika mkono wa mkewe, akauweka juu ya usukani. "Nimejua tangu yule mwenye ndevu. Ulinisitiri, nami nikaona raha kusitiriwa. Lakini hapa kuna watoto wanaogelea. Shika wewe."

"Mimi? Sijawahi kurudisha nyuma hata toroli!"

"Nanga naijua kwa mikono. Macho ni yako."

Akaenda mbele akipapasa. Mnyororo ukateremka majini, yeye akiusikiliza kwa viganja. "Rudi polepole," akaita. "Ukiogopa, polepole zaidi."

"Naogopa!"

"Vizuri sana. Endelea hivyohivyo."

Mwanamume mmoja asiyewajua aliacha kahawa yake, akaja kudaka kamba. Evanthia akazima injini, ila mashua haikuwa na habari, ikazidi kulisogelea gati. Fotini alikuwa amesimama pale. Ghafla akavua viatu, akaketi ukingoni, akanyoosha miguu yote miwili. Mashua ikatulia kwenye nyayo zake.

"Imegonga?" Lambros akauliza kutoka mbele, uso wake ukitafuta upande ambao sauti ingetokea.

Fotini akamtazama, akayaona macho yale. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa bado ameng'ang'ania usukani.

"Haikugusa, Baba."

"Ni mama yako huyo aliyeshika usukani!"

"Nimemwona." Miguu yake ilikuwa bado imeizuia mashua. "Kesho nipeni kitanda humo ndani. Naenda nanyi."