Irudi Mezani

Kitabu cha kwanza kilirudi Jumamosi asubuhi, Karani akiwa kibarazani anapaka siagi kwenye mkate. Kilipanda ngazi zote tatu, kikitanguliza jalada la mbele na kuvuta la nyuma, na kilipofika miguuni pake kikalala chali na kufunguka kwenye ukurasa wa kumi na saba. Karani akavaa miwani. Katika ukurasa ule wa riwaya aliyoiandika mwenyewe, mwalimu mkuu alikuwa na jicho bovu la kushoto, na kufika ukurasa wa tisini jicho bovu lilikuwa limehamia kulia. Miaka tisa alikuwa akiijua aibu hiyo. Akachukua kalamu, akarekebisha, akapuliza wino ukauke. Kitabu kikajifunga na kushuka ngazi.

"Umekiacha kinaondoka bila muhuri," mkewe alisema kutoka mlangoni.

Alikuwa akimtania, lakini Karani aliona ana hoja. Alikuwa amefanya kazi masjala ya idara ya maji miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo hakuna karatasi iliyoingia wala kutoka bila kuandikwa daftarini. Alipostaafu waliompenda walimpa keki, naye akaondoka na mihuri miwili ya mpira ambayo hakuna aliyeikumbuka. Mmoja ulisema IMEPOKEWA. Wa pili ulisema IRUDI MEZANI, na ulikuwa wa majalada ya barua ambazo hazijajibiwa. Sheria yake aliwafundisha makarani wote waliopita chini yake: jalada lenye muhuri huo hurudi mezani kwa mhusika kila siku ya kazi, hata kama ni miaka, mpaka atoe jibu. Halifungwi kwa kuchoka.

Riwaya yenyewe iliitwa *Mlango wa Uani*. Aliichapisha kwa nguvu zake, nakala mia tatu, akaziuza kwa mkono wake ofisini, harusini, na mara moja kwenye foleni ya daktari wa meno, ambako watu hawana pa kukimbilia. Ilikuwa na makosa kama mchele usiochambuliwa, lakini watu waliipenda. Sasa alikuwa ameamua kuisahihisha na kuitoa upya, na wiki iliyotangulia Mchapaji alikuwa amebandika tangazo dukani kwake kwamba toleo la pili, lililosahihishwa, liko njiani. Inaelekea habari zilienea, na vitabu navyo vikasikia.

Kufika Jumanne vilikuwa vimerudi arobaini. Alhamisi foleni ilitoka nje ya lango ikapita mbele ya nyumba ya jirani, ambaye alikuja kulalamika kwamba viwili vimekaa juu ya vyungu vyake vya maua. Vingine vilitoka mbali na pembe zao zilikuwa zimelika kwa kutembea. Kimoja kililetwa na mlinzi wa kituo cha mabasi, aliyesema amekikuta kinazungukazunguka getini na ametambua sura ya mwandishi nyuma ya jalada. Mke wa Karani alitandika mikeka uani visipate unyevu.

"Wageni ni wageni," alisema. "Hawa angalau hawali."

Karani alifungua daftari jipya. Kila asubuhi alikaa kwenye meza ya kulia, akapokea kitabu kimoja kimoja, akagonga IMEPOKEWA na tarehe, akasahihisha kila kilipofunguka. Alirudisha jicho la mwalimu mkuu mahali pake. Alimwondoa mjomba aliyekufa sura ya nne na kuhudhuria harusi sura ya tisa. Alipunguza mvua, maana katika toleo la kwanza ilinyesha kila mtu alipohuzunika. Ilikuwa kazi tamu, na kila sahihisho aliliingiza pia kwenye mswada wa toleo la pili. Muda si mrefu alikuwa akipiga mluzi.

Tatizo lilikuwa moja. Ukiacha kile cha kwanza, kila kitabu, kikishamaliza kusahihishwa, hakikuondoka. Kilifunguka tena chenyewe, ukurasa wa mia na arobaini na tatu, kikatulia hapo.

Huo ndio ukurasa ambao mama mzazi katika riwaya anakufa mchana peke yake, glasi ya maji ikiwa mezani asikoweza kuifikia. Binti mkubwa aliachiwa zamu ya kumuuguza, akaiacha zamu akaenda kucheza ngoma. Binti huyo alikuwa fundi cherehani mwenye kovu la sindano kwenye kidole cha shahada. Karani alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, fundi cherehani, mwenye kovu la sindano kwenye kidole cha shahada. Jina alilibadilisha, kweli, kwa sababu yeye si mtu mbaya.

Kwa miaka tisa mtaa mzima ulimwita dada yake Bi Glasi. Wateja wake wa siku zote walianza kupeleka vitambaa kwa mafundi wengine, na kwenye misiba alionyeshwa kiti cha nyuma. Hakuna aliyemgombeza. Walimhurumia kwa namna ya kumkwepa, na hilo ni baya zaidi.

Na ukweli ulikuwa huu: dada alimuuguza mama yao siku kumi na mbili mfululizo, na siku ya kumi na tatu akamwomba mdogo wake amshikie zamu kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, apeleke sare za shule zilizokuwa zimechelewa. Karani alikuja. Mama alikuwa amelala. Akaona atoke kidogo, akaenda kona kucheza dama, na mchezo ukanoga. Aliyerudi kwanza alikuwa dada. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Karani ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi, na ilikuwa ikisomwa vizuri tu.

Dada alikuja Ijumaa, akapita kati ya vitabu kwa kunyanyua gauni lake asivikanyage.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Naona kazi inakwenda."

Alikaa. Mbele yake mezani palikuwa na vitabu sita, vyote vimefunguka mahali pamoja. Alivitazama kimoja baada ya kingine, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyemkuta mwenzake anavaa.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimesikia unarekebisha. Nikasema labda na ule ukurasa utaurekebisha. Si lazima uandike kwamba ni wewe. Nitoe mimi tu. Mweke jirani, mweke mbuzi, sijali."

"Nitautazama, dada."

"Utautazama."

"Nitautazama."

Dada aliitikia kwa kichwa, akanywa chai yake, akaenda. Karani aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Siku ile ile akauchukua mswada na kwenda kwa Mchapaji.

Mchapaji alikuwa mtu mnene, mpole, na vidole vyake havikuwahi kuacha kunuka gundi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, jicho umelirudisha, mjomba umemzika, vizuri sana," alisema. "Ila ukurasa huo ndio kitabu. Watu wanaingia hapa wananiuliza, lini kinatoka kile cha glasi. Ukimweka mbuzi, nani atalia?"

"Dada yangu ameniomba."

"Dada ni wako, utamfahamisha. Atakuelewa. Wakubwa huwa wanaelewa."

Karani alirudi nyumbani polepole. Alikuwa na siku tatu za kufikiri, akazitumia kutafuta kosa dogo katika ukurasa wa mia na arobaini na tatu, na akalipata. Toleo la kwanza lilisema glasi ilikuwa mbali. Akaandika kwamba ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye vidole. Aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, na machozi yakamlengalenga kwa uzuri wake.

Kisha akavigeukia vitabu. Alivifunga kwa mkono wake, kimoja kimoja, kwa adabu, na katika safu ya mwisho ya daftari akaandika: Hakuna hatua. Vingine vilifunguka tena mara moja au mbili, akavifunga tena. Vilikaa siku nzima uani, mithili ya wageni wenye neno wasiopewa nafasi ya kulisema, halafu vikaanza kuondoka. Mkewe alikung'uta mikeka, akaikunja.

Kitabu cha mwisho kilifika mikeka ikiwa imeshakunjwa. Kilikuwa safi kuliko vyote, hakina ukurasa uliokunjwa wala kosa lililopigiwa mstari. Ndani ya jalada palikuwa na mwandiko wa Karani mwenyewe: *Kwa dada yangu, aliyenilea.* Kilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wake.

Karani alikaa nacho mpaka chai ikapoa. Kukifunga kama vile vingine hakuweza. Kukirekebisha hakutaka. Basi mkono wake ukafanya lile ambalo ulizoea kulifanya kwa miaka thelathini na moja kila ofisi iliposhindwa kusema ndiyo na kushindwa kusema hapana. Ukachukua muhuri wa pili, ukagonga.

Toleo la pili lilitoka likiwa na jalada la bluu. Lilisifiwa. Nakala zake zilikuwa tulivu na zilikaa zilipowekwa. Mwalimu mmoja aliusoma ukurasa ule mbele ya darasa, wanafunzi wakalia, na watoto ambao hawakuwepo zamani wakajifunza kumwita dada Bi Glasi.

Kitabu cha dada kilirudi Jumatatu, saa mbili kamili. Kilipanda kwenye meza ya kulia, kikafunguka, kikakaa. Saa tisa na nusu kilijifunga na kurudi kwa dada, mitaa minne kutoka pale. Jumanne kikaja. Jumatano kikaja. Jumamosi na Jumapili kilipumzika. Karani alikizoea. Alijifunza kusogeza sahani yake upande, na kila siku aliandika daftarini saa kilipoingia na saa kilipotoka.

Mvua zilipoanza, alikaa dirishani na kukingoja kwa wasiwasi, maana karatasi ile ilikuwa ya bei rahisi na isingestahimili wiki moja. Hakumwambia mkewe, lakini alikuwa na tumaini dogo.

Saa mbili kamili kikapanda ngazi. Kilikuwa kimevaa mfuko wa kitambaa kizito cha mvua, umepigwa pindo mara mbili, umepimwa sawasawa na jalada, una kifungo kimoja mbele. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka. Karani aliijua mishono ile. Mashati yake yote ya shule yalikuwa na mishono hiyo.

Alikifungua kifungo, akautundika mfuko nyuma ya mlango uchuruzike maji, akakiweka kitabu mahali pake mezani. Kilikuwa kikavu kabisa. Akaandika daftarini, akasogeza sahani. Saa tisa na nusu mvua ilikuwa bado inanyesha, naye akakivisha tena mfuko wake, akafunga kifungo, akakifungulia mlango.