Mke wa Kwenye Karatasi

Basi lilimshusha Kanizfatema mwisho wa njia, kitongoji cha Markham. Akatembea dakika ishirini kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, theluji iliyoyeyuka ikimwingia viatuni. Reza alimfungulia mlango wa gereji, si wa mbele.

"Simama hapo hapo kwenye gazeti, Kaniz. Mke wangu kapiga deki sasa hivi."

Akasimama kwenye gazeti. Nyumba hiyo aliilipia miaka minane kwa sambusa za kuuza, kabla Reza hajampa talaka msikitini, mbele ya mashahidi, akamhamishia kwenye maghorofa ya kupanga ya Dixon Road yeye na binti yao Naqiya. Mahakamani hawakwenda. Usianike nguo za ndani kwa wageni, wazee wa jumuiya walimwambia, naye akanyamaza miaka sita.

Sasa masharti ya mkopo na ruzuku ya wanafunzi yamebadilika. Zamani neno lake lilitosha. Siku hizi mzazi asiye na hati ya talaka ya mahakama alete barua ya mwenzake kwamba wametengana. La sivyo mshahara wa Reza unahesabiwa, na Naqiya, aliye mwaka wa pili wa uuguzi, hapati kitu. Mwisho wa kuipeleka barua ni kesho.

Reza, aliyekwisha kuelezwa hayo kwa simu, akacheka. "Serikali ya huku ina vituko! Mke nimemwacha, wao wananirudishia."

"Basi mlipie mtoto karo."

"Nina watoto wadogo humu ndani, hujui?"

"Au sema kweli tu, Baba Naqiya. Sahihi moja."

"Moja yangu, moja yako." Akatoa karatasi mbili, zimeshaandikwa. "Hii ya kupeleka ofisini. Hii yangu: nyumba huidai tena."

Kanizfatema hakujua kusoma Kiingereza. Alizitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akainama, akatia sahihi juu ya boneti ya gari.

Jioni Naqiya aliisoma barua amesimama, koti hajavua. Akairudia. Siku zote humjibu mama yake kwa Kiingereza. Safari hii alikitafuta Kiswahili.

"Mama, ameandika mmeachana leo."

"Leo vipi? Miaka sita!"

"Tarehe ya leo. Wao wanaangalia mapato ya mwaka jana, na kwa barua hii mwaka jana mlikuwa pamoja. Watahesabu mshahara wake."

Kanizfatema akampigia Reza simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Alfajiri narudi kwake. Aandike upya."

"Na sasa utampa nini?"

Kanizfatema akaenda kwenye sinki. Akaipaka sabuni bangili ya dhahabu ya harusi yake, akaanza kuivuta. Ilifika kwenye kifundo cha dole gumba, ikakwama. Akaongeza sabuni.